Moja Nukta Moja

Mdogo wangu ni mwalimu wa udereva, na kazi hiyo imemharibu. Anaona dunia nzima ni mwanafunzi wake aliyeshika usukani vibaya. Ukikata kitunguu, atakuelekeza. Ukifunga mlango, atakwambia umeufunga kwa hasira. Kila likizo ndefu ya shule huja kwangu na mkewe, binti yao na masanduku matatu, na kabla hajakaa vizuri kwenye kiti ameshanifundisha kuwasha jiko langu mwenyewe.

Mama yetu anaishi kwangu, anakula kwangu, anaugulia kwangu. Akimwona huyo mwanaye tu, anapona. Mgongo unanyooka, sauti inarudi. "Mwanangu amekuja!" humtangazia jirani, utadhani mimi niliokotwa. Nimezoea. Lakini kuzoea si kusamehe, na sitajifanya hapa kwamba nilikuwa nimesamehe.

Kazi yangu ni kusoma kipimo cha lambo. Lambo lenyewe liko nyuma ya nyumba za wafanyakazi, dakika tano kwa miguu: tuta refu la udongo linalozuia maji, kibanda changu juu ya tuta, na kule ukingoni, ndani ya maji, ubao mweupe uliosimikwa wima na kuchorwa mistari na namba nyeusi. Saa kumi na mbili asubuhi natazama maji yamefika namba gani, naandika daftarini, napiga simu ofisini. Saa kumi na mbili jioni narudia. Katikati nasugua ubao usiote utelezi, kwa brashi niliyoifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu, nafukuza mbuzi, na nafukuza watu.

Kwa maneno ya mdogo wangu: "Dada yangu analipwa kuangalia fimbo." Huyasema kwa wageni. Aliyasema msibani. Aliyasema siku ya harusi yake, nikiwa nimesimama palepale na sinia la vikombe. Watu wakacheka, na mara ya kwanza hata mimi nilicheka. Baada ya hapo nikajiwekea desturi: mtu akiniuliza habari za kazi, namjibu namba tu. Maji yanaendeleaje? Tatu nukta nne. Basi. Asiyejua maana yake, shauri yake.

Maana yake ni hii, na mkasa wote umekaa hapa. Namba ya ubaoni haisemi maji yana kina gani. Inasema maji yamebaki kiasi gani juu ya mdomo wa bomba linaloyapeleka mjini. Sifuri ya ubao iko kwenye mdomo wa bomba, haiko kwenye tope la chini. Ofisini hawana shida na maji yaliyo chini ya bomba kwa sababu hayatoki, lakini yapo. Chini ya sifuri kuna mita sita nyingine, nyeusi na baridi. Ukingo nao hauteremki taratibu. Kuna kibaraza cha udongo mtelezi, hatua mbili au tatu, halafu hakuna kitu. Kiangazi ndicho kibaya zaidi, maana namba inashuka na lambo linaonekana limekuwa dogo na la upole.

Kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, alikojifunzia mdogo wangu, mambo ni mengine. Kule wameandika ukutani moja nukta mbili, na ukiingia maji yanakufika hapo kweli. Mtu wa namna hiyo akiona namba imechungulia juu ya maji, haoni sababu ya kuuliza. Hasa kama ni mtu asiyeuliza.

Mwaka huo joto lilikuwa la kuchemsha bongo. Siku ya tatu ya ugeni wao, mezani asubuhi, akatangaza kwamba leo anakwenda kumfundisha Sindano kuogelea lamboni. Sindano ni binti yake, ana miaka tisa, na jina hilo tulimpa kwa wembamba wake na kwa jinsi maswali yake yanavyochoma.

"Haruhusiwi mtu kuogelea mle," nikasema.

"Amekataza nani?"

"Mimi."

"Wewe msoma fimbo, dada. Tangu lini ukawa askari?"

Wifi yangu akacheka puani, akajifanya anapuliza chai. "Wifi, tuonee huruma. Mtoto anashinda ndani utadhani mgonjwa. Na baba yake si atakuwepo?"

"Shangazi," akauliza Sindano, "mle kuna mamba?"

"Hamna."

"Sasa kuna nini?"

"Kuna maji."

Wakacheka wote. Mama akagonga meza kwa kijiko. "Mwache mwenzio apumzike! Kila akija, kazi yako wewe ni kuzuia tu. Ungekuwa mlango ungekuwa umeliwa na mchwa zamani."

Wakacheka tena, zaidi. Damu ikanipanda hadi masikioni. Mdogo wangu akasimama, taulo begani, akapandisha suruali yake ya kaptura juu ya kitambi. "Haya, tuongee kama watu wazima. Leo hiyo fimbo yako inasema ngapi?"

Nilijua anauliza nini. Nilijua nikitaja namba ataipima kwenye mwili wa mtoto. Jibu lote nilikuwa nalo mdomoni: hicho si kina, chini yake kuna mita sita. Ni maneno machache sana. Nikayameza kwa makusudi. Nilitaka aende. Nilitaka aingie yeye kwanza na mbwembwe zake, akanyage pasipo na kitu, anywe mafunda mawili ya tope, atoke akikohoa mbele ya mkewe, na kuanzia siku hiyo fimbo yangu aiite kwa heshima. Ni mtu mzima, anajua kuogelea, hatakufa. Hesabu yangu iliishia hapo.

"Moja nukta moja," nikasema.

"Umesikia?" akamwambia Sindano. Akamsimamisha, akamwekea kiganja kifuani. "Yatakufika hapa. Shangazi yako anatutisha na maji ya kufulia."

Nikachukua daftari langu nikatoka. Mlango niliufunga kwa hasira, na hilo kwa mara ya kwanza angelisema kwa haki.

Walifika kwenye saa nne. Niliwaona kutoka kibandani: yeye mbele, kifua wazi, wifi nyuma na mwavuli, Sindano akirukaruka katikati. Nasema kweli yote: nilisogeza kiti dirishani nipate nafasi nzuri, na nikajimiminia chai. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha.

Wifi akatandika kitu juu ya mawe, akaketi. Mdogo wangu akaenda hadi kwenye ubao, akainama akasoma, akajigusa juu ya kitovu kuonyesha yatamfika wapi. Akaweka mguu mmoja majini. Ingia, nikamwambia moyoni. Ingia, mwalimu. Akasimama pale. Kisha, kumbe, kuna jambo alilokuwa amesahau. Akarudi nchi kavu, akachukua simu yake kwenye viatu. Alitaka picha kwanza.

Akamsimamisha mtoto ukingoni, akamgeuza amwangalie yeye, maji yawe nyuma yake. Kisha akaanza kumpungia mkono ule anaowapungia wanafunzi wake wanaorudisha gari nyuma. Nimeuona mkono huo mara nyingi mno uwanjani kwangu. Njoo nyuma. Nyuma. Nyuma kidogo. Na Sindano, mtoto mtii, akarudi kinyumenyume akitabasamu, macho kwenye simu, maji kwenye vifundo, maji magotini.

Nilikwisha kuangusha kikombe. Nilipiga kelele, lakini kibanda kiko mbali na upepo ulikuwa unanirudishia sauti yangu. Akapiga hatua moja zaidi. Uso ukainuka juu ghafla, mdomo ukafunguka, akatoweka.

Watu wanadhani anayezama hupiga mayowe. Hapigi. Pumzi ya kupigia mayowe hana. Kichwa cha Sindano kiliibuka mara moja, kimeinama nyuma, macho wazi yasiyomtazama mtu, mikono ikibonyeza maji pande mbili kama anayetafuta ngazi. Hakikutoka hata kilio. Kikazama tena. Na mdogo wangu, simu bado usoni, akacheka. Nilimsikia kwa sababu nilikuwa nimeshauvuta mwanzi wangu na kukimbia nusu ya tuta.

"Safi sana!" alisema. "Hebu rudia!"

"Anazama!" nikamwambia. "Mpumbavu wewe, mtoto anazama!"

Akashusha simu. Sijui niuelezee vipi uso ule. Akaitupa, akajirusha. Alimfikia haraka, hilo nampa, anajua kuogelea. Lakini aliyejifunzia bwawani hajui mtoto anayetaka kuishi ana nguvu kiasi gani. Sindano alimkaba shingo kwa mikono na miguu, akampanda kichwani, akamzamisha. Baba mtu akatafuta pa kukanyaga na pa kukanyaga hapakuwepo. Wakazama wote wawili.

Wifi alikuwa anavua viatu huku akilia. Nikamsukuma akaanguka kitako.

"Utaingia wapi? Unajua kuogelea wewe?"

"Mwanangu! Niache! Mwanangu!"

"Mkizama watatu nitamtoa nani? Lala chini ushike miguu yangu! Lala, nimesema!"

Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote, kisha akalala kifudifudi, akanishika vifundo. Mimi kuogelea sijui. Miaka kumi na tisa kando ya maji na sijui, na sioni haya kusema hivyo. Ninachojua ni kwamba asiyejua haingii. Nikalala kwa tumbo kwenye udongo na kuusukuma mwanzi mbele, brashi ikitangulia.

"Shika!"

Mdogo wangu hakusikia. Kichwa chake kilitokea, kikarudi chini. Kilipotokea tena nikampiga kwa brashi utosini. Hakugeuka. Nikampiga mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na sitaapa kwamba ile ya pili ilikuwa ya uokozi mtupu. Mkono wake ukaruka juu, ukaudaka mwanzi.

"Usivute! Shikilia tu! Tutavuta sisi!"

Tukavuta. Wifi alinivuta miguu, mimi nikauvuta mwanzi, kucha zake zikaingia kwenye ngozi yangu, udongo ukaniingia mdomoni. Bega la mdogo wangu liligusa kibaraza, likateleza, likagusa tena. Sindano alikuwa bado shingoni mwake, lakini mikono ilikuwa imeanza kulegea.

Tulimlaza ubavu. Midomo ilikuwa ya rangi mbaya. Kwa muda ambao sitausahau hakufanya lolote, kisha akakohoa, akatapika maji, akakohoa tena, akalia. Kilio kile kilikuwa kikali, cha kukwaruza, na nilimshukuru Mungu kwa kila sauti yake.

Baba yake alikuwa amepiga magoti, maji yanamtoka puani. "Amepona," akasema. "Amepona. Twendeni nyumbani akalale."

"Zahanati," nikasema.

"Dada, si unamwona analia? Akishapumzika..."

"Maji yameingia kifuani. Mtu anaweza kutembea kwa miguu yake hadi nyumbani na jioni akashindwa kupumua. Washa gari. Leo utaendesha na mimi nitaelekeza."

Akawasha gari. Zahanati, muuguzi alimsikiliza Sindano kifua mbele na nyuma, akamsikiliza tena baada ya saa moja, na tena baada ya nyingine, hakutuachia hadi jioni. Alituuliza mtoto aliingiaje kwenye maji yale. Mdogo wangu akasema, "Kosa langu." Mimi nikaangalia bango la chanjo ukutani.

Kesho yake nyumba ilijaa majirani, na hapo ndipo palipoanza adhabu ambayo sikuitegemea. Mama alinikalisha kando yake. Akanishika mkono mbele za watu, yeye ambaye mara ya mwisho kunishika nilikuwa na surua. "Huyu," akawaambia, "mwanangu huyu ndiye aliyewatoa. Wote wawili. Kwa mwanzi!" Akanifanya niulete mwanzi wauone. Na mimi nikauleta. Nikasimulia. Kila aliyeingia nilimsimulia upya, na kila mara nilianzia dirishani, sikuanzia mezani. Sifa nilizila asubuhi hadi mchana, na sitasema hazikuwa tamu.

Alasiri, wageni walipoondoka, nilikuwa uani nasuuza vikombe. Mdogo wangu akatoka. Nyuma yake alikuja wifi akimshika Sindano bega, shuka limemzunguka mtoto hadi kidevuni. Mama alikuwa mlangoni kwenye kigoda.

"Dada," akasema. Utosini alikuwa na michubuko miwili ya brashi. "Dada, nisamehe. Ulisema haruhusiwi mtu, nikakubeza. Ile namba niliielewa vibaya. Nimemuuliza fundi wenu wa bomba leo asubuhi, amenieleza. Mita sita! Mimi nimemrudisha mwanangu kinyumenyume kwenye mita sita kwa mkono huu." Akautazama mkono. "Na yale maneno ya fimbo sitayasema tena. Mungu ni shahidi."

Alikuwa analia. Sijamwona akilia tangu utotoni. Maneno hayo niliyasubiri miaka na miaka. Usiku mwingine nilikuwa namwandalia kabisa jinsi ya kuyasema. Nilidhani yakija nitasimama wima nimtazame kutoka juu. Nikabaki nimeinama juu ya beseni.

"Yaishe," nikasema. Nilitaka sana yaishe.

"Wewe usingejua kama nafikiri ni kina," akaendelea. "Kwako ni kitu cha kila siku. Hukuwa na sababu ya kufikiria mtu mzima anaweza kuwa mjinga kiasi kile."

Mlango alikuwa ameshaufungua mwenyewe, nami kazi yangu ilikuwa kupita tu. Kichwa changu kilikuwa kimeanza kuitikia.

"Na wifi," mkewe akadakia, sauti imepasuka, "mimi nimekusema vibaya sana mbele ya watu. Siku hizi zote. Tumezungumza usiku, tukakubaliana. Likizo ijayo tutamleta huyu peke yake akae kwako, mwezi mzima. Kwako yuko salama kuliko hata kwetu."

Nikamtazama Sindano. Alikuwa ananitabasamia kutoka ndani ya shuka. Macho yake yalikuwa bado mekundu kwa maji ya lambo.

Ningeweza kuchukua yote mengine. Msamaha ningeuchukua, na sifa, na mkono wa Mama. Hilo la mtoto lilinishinda.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?"

"Uliponiuliza mezani. Nilijua utadhani ni kina. Nikakuachia."

Mama akasema, "Wewe unasema nini wewe?" kwa sauti yake ya zamani, ile ninayoijua. Wifi akamvuta mtoto nyuma, hadi ukutani. Mdogo wangu alinitazama akisubiri niseme ninatania, na alipoona sisemi, machozi yake yakakauka nikiyaona. Niliona mtu akinichukia kwa haki, baada ya miaka yote ya kutaka tugombane kwa usawa.

Sindano akajichomoa mikononi mwa mama yake. Akaja hadi mbele ya beseni, shuka likiburura maji ya vikombe.

"Shangazi," akauliza, "ulitaka nizame?"

"Hapana! Hapana, mwanangu. Wallahi sikutaka uwe wewe."

Akafikiri kidogo.

"Sasa ulitaka awe nani?"

Baba yake hakumkataza. Alisimama pale nyuma ya mtoto, na yeye akisubiri nijibu.